Matetemeko hayakuanza Bukoba

Wiki iliyopita nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mhandisi, mtu anayesaini michoro ya maghorofa. "Tanzania haina historia ya matetemeko. Lile la Bukoba lilikuwa bahati mbaya." Aliyasema hayo mbele ya wanafunzi, nao wakayaandika kwenye madaftari yao. Kauli hii nimeisikia vikaoni, nimeisikia redioni, na kila ardhi ikitikisika kidogo simu yangu hujaa ujumbe wa aina ileile: mbona zamani mambo haya hayakuwepo? Naandika kwa urefu ili nikiulizwa tena nitume kiungo.

Yalikuwepo. Tena makubwa kuliko la Bukoba.

Tarehe 13 Desemba 1910, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, eneo la kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa lilipigwa na tetemeko ambalo hesabu nyingi hulipa ukubwa wa 7.4. Katika karne nzima ya 20, Afrika Mashariki haikupimwa kubwa kuliko hilo. La Kagera la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9. Asiyefanya kazi na namba hizi ataona tofauti ya moja na nusu, akaipuuza. Lakini ukubwa ukipanda kwa namba moja, nishati inayotoka hupanda kama mara 32. Piga hesabu mpaka moja na nusu: tetemeko la Rukwa lilitoa nishati zaidi ya mara 150 ya lile lililobomoa Bukoba.

Kwa nini basi hakuna anayelikumbuka? Kwa sababu mwaka 1910 watu wachache sana kule walilala chini ya kuta za matofali. Nyumba ya fito, udongo na nyasi hupinda ikarudi, na hata ikianguka, aliye ndani ana nafasi kubwa ya kutoka mzima. Taarifa zilizotufikia ziliandikwa zaidi na wamisionari na maofisa wa Kijerumani, kwenye vituo kama Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Vyombo vilivyolinasa vilikuwa mbali, vingi vikiwa Ulaya. Ilibidi tusubiri mpaka 1991 ndipo mtaalamu wa matetemeko Nicholas Ambraseys akusanye barua na ripoti hizo na kulichora upya tetemeko lenyewe. Nchi iliyopata tetemeko la 7.4 ilikaa miaka themanini bila kuliandikia utafiti wake wa kina, kisha tunasema hatuna historia.

Na halikuwa peke yake. Mbulu, tarehe 7 Mei 1964, ukubwa wa 6.4. Kusini mwa Ziwa Tanganyika, Oktoba 2000, 6.5. Ziwa Tanganyika tena, tarehe 5 Desemba 2005, 6.8, upande wa Kalemie nchini Kongo, likasikika mbali sana upande huu wa ziwa. Julai 2007, Gelai karibu na Ziwa Natron, mfululizo wa matetemeko uliofikia 5.9, na Nairobi watu wakashuka ngazi mbiombio kutoka maofisini. Majirani wana yao: Subukia nchini Kenya mwaka 1928, 6.9, ardhi ikapasuka kwa kilomita kadhaa. Toro nchini Uganda mwaka 1966, watu zaidi ya mia wakafa. Baganda wana lubaale, yaani mungu, wa matetemeko, Musisi, ambaye alitolewa sadaka zamani, kabla ya sismografu ya kwanza, chombo cha kupimia matetemeko, kufika Afrika. Jamii haimpi mungu kazi ya kutikisa ardhi mahali ambapo ardhi haitikisiki.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, na hapa naomba uvumilivu.

Mtu akisema "hapa kwetu halijawahi kutokea", anatumia kumbukumbu ya miaka mia kupimia kitu kinachokwenda kwa maelfu ya miaka. Mabamba mawili ya gamba la dunia, la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki, yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Milimita hizo hugawanywa kati ya mipasuko mingi, yaani mahali ambapo miamba imevunjika na pande zake husogea, kwa hiyo mpasuko mmoja unaweza kubaki na milimita moja au pungufu. Tetemeko la ukubwa wa 7 husogeza miamba ya pande mbili za mpasuko kwa mita moja hivi, pengine mbili. Kama unaweka akiba ya milimita moja kwa mwaka, mita moja itakuchukua miaka 1,000. Mpasuko unaoweza kuangusha mji unaweza kukaa kimya tangu kabla Kilwa haijajengwa, na ukimya huo usimaanishe usalama wowote. Orodha zetu za vipimo ni za miaka mia na ushee. Kwa mipasuko mingi ya Tanzania hatujashuhudia hata mzunguko mmoja kamili.

Ushahidi wa mizunguko iliyopita upo, ila haupo kwenye karatasi. Simama Mto wa Mbu utazame juu kuelekea Karatu. Ule ukuta unaopandwa na barabara ya lami kwa kona, watalii wakisimama kupiga picha za Ziwa Manyara, haukuchongwa na mto. Ni uso wa mpasuko. Bonde lilishuka, nyanda za juu zikabaki, na lilishuka kwa vipande vya mita moja, mita moja na nusu. Ukuta wa mamia ya mita ni mamia ya matetemeko makubwa yaliyorundikana. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na chini ya maji kuna tope na mchanga wa kilomita kadhaa uliojaza shimo lililokuwa likizama. Shimo la namna hiyo halizami kimyakimya.

Kuna shaka hapa ambayo vitabu vya shule huiruka. Siyo kila sentimita ya ukuta huo ilikuja na tetemeko. Sehemu ya mwendo hufanyika polepole bila kutikisa kitu, na sehemu nyingine hubebwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopenya kwenye miamba. Gelai mwaka 2007 tuliona hilo waziwazi: magma ilipanda ikajipenyeza kama ukuta mwembamba chini ya ardhi, uso wa nchi ukapasuka na kushuka, na vipimo vya satelaiti vikaonyesha mwendo mkubwa kuliko ule ambao matetemeko yenyewe yangeweza kuueleza. Kwa hiyo ukiniuliza ni matetemeko mangapi hasa yaliyoujenga ukuta wa Manyara, nitakupa jibu la mamia, wala sitakubali kubanwa kwenye namba moja. Tarehe 4 Septemba mwaka huohuo volkano ya jirani, Oldoinyo Lengai, ikaanza kulipuka kwa nguvu. Je, magma ya Gelai ndiyo iliyoichokoza? Wenzangu wengi wanaona uhusiano, nami nauona, lakini namna uhusiano huo ulivyofanya kazi bado inabishaniwa.

Hata tetemeko la 1910 lina ubishi wake. Wapo wanaoliweka kwenye mpasuko wa Kanda, unaokatiza uwanda wa Ufipa karibu na Sumbawanga, na ukipita kule utauona ukiwa ngazi iliyonyooka katikati ya mashamba. Hoja yao naikubali kwa sehemu kubwa. Ila kitovu kilichopatikana kwa vyombo vya Ulaya vya wakati ule kinaweza kukosea kwa makumi ya kilomita, na makumi ya kilomita pale yanatosha kukuvusha kutoka mpasuko mmoja hadi mwingine.

"Lakini siku hizi yamezidi." Hapana. Kilichozidi ni masikio yetu. Tetemeko hutoa wimbi la kwanza lenye kasi na la pili la polepole lakini lenye nguvu. Kila sekunde moja kati yao ni kama kilomita nane kutoka kituoni hadi chanzo. Kituo kimoja kinakupa umbali tu. Ukitaka mahali, unahitaji vituo vitatu au zaidi. Ukitaka kina, unahitaji kimoja kiwe karibu kabisa. Kwa miaka mingi vituo vilikuwa vichache hivi kwamba tetemeko la ukubwa wa 4 huko Kondoa lingepita bila kuingia kwenye orodha yoyote. Leo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) pale Dodoma ina vituo vyake, majirani wana vyao, na zaidi ya hapo kila mtu ana simu. Tetemeko dogo la Babati linajulikana Mtwara kabla ya vumbi kutulia.

Na kilichozidi kwa kweli, tena kwa hatari, ni kuta.

Tetemeko la Kagera lilianzia kwenye kina kinachokadiriwa kuwa kilomita 40, katika wilaya ya Missenyi karibu na mpaka wa Uganda. Kina hicho ni kirefu, na nguvu hupungua ikipanda. Ukubwa wa 5.9 kwenye kina cha kilomita 40 haukupaswa kuua watu 17 upande wa Tanzania. Ukubwa hueleza kilichotokea kule chini, lakini kinachoua ni mtikisiko uliofika kwenye msingi wako na namna ukuta wako ulivyoupokea. Magazeti huandika namba ya kwanza kwa herufi kubwa, na ya pili haiandikwi kabisa.

Ukitembea Hamugembe, pale Bukoba, baada ya tetemeko, ukuta ulikusomea yote. Nyufa zilianzia kwenye kona za madirisha, zikapanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, mara nyingine zikikutana na kuwa X. Tofali la kuchoma lenyewe lilikuwa zima. Kilichoshindwa ni kilicho kati ya tofali na tofali: udongo mtupu, au saruji iliyokosa saruji, unayoweza kuikwangua kwa ukucha. Zile pembetatu za ukuta zinazoshika paa kwenye ncha mbili za nyumba, zisizofungwa na kitu, zilianguka nyingi, tena kwa nje, mahali ambapo watu hukimbilia. Jirani yake nyumba ya umri uleule, tofali lilelile, lakini fundi alizungusha lenta yenye nondo juu ya madirisha pande zote nne, ilipata nyufa za plasta tu. Sihitaji mfumo wa kompyuta kuniambia tofauti ni nini.

Kosa lingine linalofuatana na hili ni la wale wanaojifariji kuwa hawakai kwenye bonde la ufa. Missenyi iko kama kilomita 200 mashariki ya tawi la magharibi la bonde hilo. Kwenye ramani za shule eneo hilo ni jeupe, halina mstari hata mmoja. Katikati ya nchi tuna kratoni, mwamba mkongwe na mgumu unaofanya bonde la ufa ligawanyike matawi mawili na kulizunguka, na tulifundishwa kwamba mwamba huo na pembezoni mwake ni pa utulivu. Ni patulivu zaidi, siyo patulivu kabisa. Mwamba mkongwe na baridi hubeba mkazo mpaka chini sana, ndiyo maana matetemeko yetu mengi hutoka kwenye kina cha kilomita 20, 30, hata 40, ambako nchi nyingine miamba ina joto na hutanuka bila kuvunjika. Mpasuko uliovunjika Kagera haukufika juu. Hakuna mstari wa kuuonyesha kwa kidole, na wataalamu wa ramani za hatari hilo linawanyima usingizi.

Pwani nako kunajidanganya. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa kama 6 lilitokea baharini kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na wakazi wa maghorofa walilisikia vizuri. Chini ya bahari ile kuna mipasuko hai inayoelekea kusini hadi kaskazini mwa Msumbiji. Na Msumbiji yenyewe, Februari 2006, ilipigwa na tetemeko la 7.0 huko Machaze, mahali ambapo watu wengi wa fani hii hawakuwa wakipatazama.

Mengine nitayapitia haraka, maana hayastahili aya. Hakuna mtu duniani anayejua siku na saa ya tetemeko lijalo. Ujumbe unaotaja saa ni uongo, ufute, usiusambaze hata kwa nia njema. Joto kali haliletwi na tetemeko wala tetemeko haliletwi na joto kali. Mlipuko wa mgodini unaweza kutikisa vikombe vya kijiji cha jirani, lakini hauwezi kuvunja mwamba kilomita 40 chini ya Missenyi.

Niliyotaka kumwambia yule mhandisi, na muda wa maswali ukaisha, ni kuhusu Dodoma. Makao makuu ya nchi yamejengwa kwenye eneo ambalo tawi la mashariki la bonde la ufa linatawanyika, na mipasuko inapita Bahi, inapita Bubu, inapita Hombolo. Wakazi wa kule wanajua. Ardhi huwatikisa mara kwa mara, na wazee wa Kigogo watakusimulia bila kuombwa. Kila wiki kuna zege jipya linamwagwa. Mteja akikuletea kiwanja kule, kabla hujachora nguzo ya kwanza, nenda GST uombe taarifa za matetemeko na mipasuko ya eneo hilo, pima udongo, kisha ukague wewe mwenyewe nondo za pete zinazofunga nguzo kwenye maungio ya boriti, kwa sababu hizo ndizo ambazo fundi hupunguza kwanza bei ya chuma inapopanda.

Na wanafunzi waliokuwa ukumbini, ile sentensi ya historia mliyoiandika, ikateni. Andikeni 1910.