Mshika Usukani Hapigi Kelele Tu

Mbio za makasia za Olimpiki zikionyeshwa kwenye runinga Kisumu, hata wavuvi wa Dunga husema mshika usukani, yule mdogo anayekaa tezini, nyuma ya mashua, ni wa kupiga kelele "vuta!" tu. Sivyo. Mdundo huwekwa na mpiga kasia anayetazamana naye. Kazi ya kwanza ya mshika usukani ni kuongoza: wapiga kasia wote wanane wameupa mgongo mstari wa kumalizia, ni yeye tu anayeona mbele.

Usukani wenyewe ni kibao kidogo. Ukiukunja ghafla unazuia maji na kasi inapotea, kwa hiyo anausogeza kidogo kidogo, tena makasia yakiwa majini. Akiusogeza yakiwa hewani, mashua huyumba na mdundo wa wote huharibika.

Mbio nzima, mita 2,000, anazungumza kwa kipaza sauti cha kichwani: umbali uliobaki, nani amechelewa kuingiza kasia, lini waongeze mapigo.

Na wepesi wa mshika usukani una kikomo. Asiyefika kilo 55 huongezewa uzito, kwa hiyo kujinyima chakula kupita hapo ni kujitesa bure. Jinsia nayo haizuii: mshika usukani Mwingereza Henry Fieldman alipata shaba na wanaume Olimpiki ya Tokyo, kisha na wanawake Paris 2024.