Je, wajua kwa nini Somaliland husema haikujitenga?

Tarehe 26 Juni huadhimishwa kila mwaka Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, na Mogadishu, mji mkuu wa Somalia, ingawa kila mji husherehekea jambo ambalo mwenzake hulikana. Mogadishu hupandisha bendera kukumbuka siku ambayo mikoa ya kaskazini ya Somalia ilipata uhuru mwaka 1960. Hargeisa hukumbuka siku ambayo nchi iitwayo Somaliland ilipata uhuru wake yenyewe, ikakaa nao siku tano, kisha ikautia kwa hiari katika muungano na kusini, yaani Somalia iliyokuwa chini ya Waitaliano. Swali ninalotaka kulijibu limejificha ndani ya siku hizo tano: kwa nini watu wa Somaliland, waliotangaza mwaka 1991 kwamba hawamo tena ndani ya Somalia, hukasirika wakiambiwa kwamba wamejitenga?

Inanipasa kukiri kwamba kwa miaka mingi nililieleza jambo hili kwa kujiamini, na nililieleza vibaya. Nilisema kwamba Somaliland ni jimbo la Somalia lililojimega baada ya serikali ya rais wa Somalia, Siad Barre, kuanguka, kwamba ni ndugu wa Katanga na Biafra, na kwamba halitambuliwi kwa sababu Umoja wa Afrika umekataza kugusa mipaka iliyoachwa na wakoloni. Katika maneno hayo kuna chembe za ukweli zinazotosha kumfanya mtu asiyaulize maswali zaidi, na ndiyo maana kosa lake ni gumu kuling'oa.

Tuanze na ndugu hao wa kubuni. Katanga, iliyotangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, haikuwa imewahi kuwa dola huru katika mipaka ile. Biafra vivyo hivyo, kwani Nigeria ilipopata uhuru mwaka huohuo eneo lile lilikuwa sehemu yake. Somaliland ilikuwa eneo la himaya ya Waingereza lenye mipaka yake, Gavana wake na Baraza lake la kutunga sheria, nayo ilikabidhiwa uhuru peke yake, kabla ya kusini na bila kusini. Waziri mkuu wake wa siku hizo tano alikuwa Mohamed Haji Ibrahim Egal, jina ambalo msomaji atakutana nalo tena. Hivyo kanuni ya mipaka ya kikoloni niliyokuwa nikiitumia dhidi ya Hargeisa ndiyo hasa kanuni ambayo Hargeisa huitumia kujitetea: mpaka inaoudai ni uleule uliochorwa na Waingereza pamoja na Wafaransa, Waitaliano na Waethiopia, na uliofutwa upande wa kusini tarehe 1 Julai 1960. Wao husema wanaurudisha mpaka mahali pake, na kwamba walioufuta ndio waliouchezea.

Kosa langu la pili lilikuwa dogo zaidi, lakini nimelisikia hata kwa watu wanaosoma magazeti kila siku: nilichanganya Somaliland na Puntland. Puntland, iliyo jirani yake kwa mashariki, ilijitangazia utawala wake mwaka 1998, lakini haikudai kuwa nchi nyingine. Ilijihesabu kuwa jimbo la Somalia ya shirikisho ijayo. Kuwaweka katika kapu moja ni sawa na kumchanganya mpangaji anayegombana na mwenye nyumba kuhusu bomba la maji na mpangaji anayedai kwamba nyumba ni yake.

Historia ya nyuma haina haja ya kurefushwa. Waingereza walifunga mikataba na koo za pwani ya Berbera kuanzia mwaka 1884, kwa sehemu kubwa kwa sababu kambi yao ya Aden, ng'ambo ya ghuba, ilihitaji nyama. Waitaliano walichukua kusini, wakaipoteza katika Vita Kuu ya Pili, kisha wakarudishiwa kuanzia mwaka 1950 kama eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa kwa miaka kumi. Watu wa pande zote mbili waliutaka muungano, na waliutaka kwa shauku. Nyota ya pembe tano iliyomo katika bendera ya Somalia inawakilisha maeneo matano ya Wasomali, yakiwemo Djibouti, Ogaden ya Ethiopia na kaskazini-mashariki mwa Kenya. Haraka ya kuungana ndiyo iliyozaa tatizo la makaratasi, ambalo kwangu ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote katika mkasa huu.

Fikiria jirani wawili wenye mashamba yanayopakana, ambao wamekubaliana kwa mdomo kuyaunganisha yawe shamba moja. Jirani wa kaskazini anaandika mkataba wenye masharti yake, unaohitaji saini mbili, kisha anatia saini yake. Jirani wa kusini haugusi mkataba ule. Anaandika wa kwake, wenye masharti tofauti, na wazee wa nyumba yake wanaukubali kimsingi tu. Kesho yake ua unang'olewa, watoto wanakimbia huku na huko, ngoma inapigwa, na hakuna anayetaka kuonekana mchawi kwa kuuliza karatasi iko wapi. Miezi saba baadaye mtu anauliza. Familia iliyounganishwa inakutana, na kwa kuwa nyumba ya kusini ina watu wengi zaidi, inaandikwa hati ya tatu inayosema kwamba mashamba yaliungana tangu siku ile ua ulipong'olewa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baraza la Somaliland lilipitisha sheria ya muungano tarehe 27 Juni 1960, katika umbo la mkataba uliopaswa kutiwa saini na wawakilishi wa pande zote mbili, na upande wa kusini haukuutia saini. Baraza la Mogadishu lilikubali kimsingi, tarehe 30 Juni, hati nyingine iliyotofautiana na ile ya kaskazini. Muungano ukatangazwa tarehe 1 Julai. Tarehe 31 Januari 1961 Bunge la pamoja, lenye viti 90 vya kusini na 33 vya kaskazini, lilifuta sheria ile ya Somaliland na kupitisha Sheria mpya ya Muungano, ikihesabiwa kuwa imeanza kutumika tangu tarehe 1 Julai ya mwaka uliotangulia. Niongeze kwamba lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972, na kwa hiyo watu waliozungumza lugha moja, waliounganishwa kwa sababu ya lugha hiyo, waliandikiana hati za kuungana kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Kiitaliano upande wa pili.

Msomaji wa Tanzania, aliyezoea mijadala kuhusu Hati ya Muungano, huenda anatabasamu. Tofauti ni kwamba Nyerere na Karume walitia saini hati moja, tarehe 22 Aprili 1964, na sehemu kubwa ya ubishi ni kuhusu yaliyofuata baada ya saini. Hargeisa haina hata karatasi moja yenye saini mbili ya kubishania.

Jambo hili halikubaki katika makabati ya wanasheria. Mwezi Desemba 1961 maofisa vijana wa jeshi wa kaskazini, waliofunzwa na Waingereza, walijaribu mapinduzi Hargeisa ili kuurudisha mpaka. Walishindwa, wakashtakiwa kwa uhaini, na hakimu Mwingereza akawaachilia huru kwa hoja kwamba, pasipo sheria halali ya muungano, mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kuwahukumu.

Hapa, hata hivyo, napaswa kupunguza mwendo, kwa sababu hoja ya karatasi hupendeza sana na kitu kinachopendeza hivyo hustahili kutiliwa shaka. Watetezi wa Somaliland hupenda kusema kwamba nchi 35 ziliitambua katika zile siku tano. Ni kweli kwamba salamu zilitumwa, ikiwemo kutoka Marekani, na kwamba Uingereza ilitiliana nayo mikataba kama dola kwa dola. Lakini salamu za pongezi na utambuzi kamili wa kisheria ni vitu viwili, na idadi ile imerudiwa mara nyingi kuliko ilivyothibitishwa. Somaliland ya siku tano haikujiunga na Umoja wa Mataifa, na iliyoingia humo Septemba 1960 ilikuwa Somalia iliyounganishwa.

Tena Mogadishu ina jibu lake, na jibu hilo si jepesi. Wanandoa walioishi pamoja miaka thelathini, wakazaa na kujenga, hawawezi kuamka asubuhi na kusema kwamba cheti kilikosewa. Egal mwenyewe alikuwa waziri mkuu wa Jamhuri yote ya Somalia kuanzia mwaka 1967 hadi mapinduzi ya Siad Barre ya Oktoba 1969. Hargeisa hujibu kwamba katika kura ya katiba ya Juni 1961 wengi wa waliopiga kura kaskazini waliikataa, huku wengine wengi wakisusia, na kwamba ndoa ilivunjwa na mabomu hata kama ilikuwa halali: mwaka 1988, katika vita na SNM, waasi wa kaskazini, ndege za serikali ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa ili kuipiga Hargeisa yenyewe, na makumi ya maelfu ya raia walikufa katika miaka ile.

Basi tangazo la kutoka katika Somalia, lililotolewa mjini Burao tarehe 18 Mei 1991, lilisomwa na wahusika wake kama talaka. Safari hii mkataba ulifuata njia ya nyumbani: mwaka 1993 wazee wa koo walikaa katika mji wa Borama kwa miezi kadhaa, chini ya mila ya kusuluhishana waiitayo xeer, wakamaliza uhasama, wakamchagua Egal kuwa rais, na baraza lao, Guurti, likawa sehemu ya Bunge. Tangu hapo pamekuwa na chaguzi ambazo aliye madarakani hushindwa na kuondoka, mara ya mwisho Novemba 2024, Abdirahman Mohamed Abdullahi, maarufu kama Irro, alipomshinda Muse Bihi Abdi. Ule wa mwaka 2003 uliamuliwa kwa tofauti iliyotangazwa kwanza kuwa kura 80, na aliyeshindwa hakuingia msituni.

Kwa nini basi hawatambuliwi? Nilikuwa nikitaja azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964, linalotaka kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo ilipopata uhuru. Sikujua kwamba Somalia yenyewe ndiyo iliyokataa kufungwa na azimio hilo, kwa kuwa wakati ule ilikuwa ikizidai ardhi za Kenya na Ethiopia. Leo umoja wa ardhi ndio ngao yake kuu. Ukiziangalia nchi zilizofanikiwa, Eritrea mwaka 1993 na Sudan Kusini mwaka 2011, utaona zilikuwa na kitu ambacho Hargeisa haina, nacho ni idhini ya mji mkuu zilikotoka. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliokwenda huko mwaka 2005 ulikiri kwamba suala hili ni la kipekee katika historia ya bara hili, lakini wanachama wake hawakusonga mbele. Desemba 2025 Israel ikawa mwanachama wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kutangaza kuitambua Somaliland, na Mogadishu pamoja na Umoja wa Afrika wakalipinga tangazo hilo mara moja.

Hoja ya mpaka wa Mwingereza ina kidonda chake pia. Mashariki, katika eneo la Las Anod, koo nyingi hazikuutaka mradi wa Hargeisa. Vita vilizuka Februari 2023, na kufikia Agosti majeshi ya Somaliland yalikuwa yamefukuzwa kutoka pembezoni mwa mji. Mpaka wa mwaka 1960 umebaki kamili katika ramani kuliko ulivyo ardhini.

Kwa msafiri, ubishi huu wa makaratasi huanzia uwanja wa ndege. Ndege hutoka Addis Ababa na Dubai, na kwa gari watu huingia kutoka Ethiopia kupitia Wajaale. Somaliland hutoa viza yake yenyewe, lakini tangu Septemba 2025 Mogadishu imeanzisha viza ya kielektroniki inayodaiwa kutumika nchi yote, ambayo Hargeisa haiitambui; kwa hiyo ni busara kuliuliza shirika la ndege, kabla ya kulipa nauli, litataka kuona viza ya nani. Nje ya Hargeisa wageni huambatana na askari mwenye silaha, utaratibu uliotiliwa mkazo baada ya wageni kadhaa kuuawa mwaka 2003, na mashariki si mahali pa matembezi.

Anayefika atakuta katikati ya mji ndege ya kivita ya MiG ikiwa juu ya nguzo kama kumbukumbu ya mwaka 1988, na hatua chache kutoka hapo wabadilishaji fedha walioketi nyuma ya kuta za shilingi za Somaliland, sarafu iliyoanza mwaka 1994, ambayo haina nguvu nje ya mipaka yake na ambayo wenyeji wengi wameiacha kwa kulipa dola kwa simu kupitia Zaad. Soko la ngamia huanza mapema, chai ya maziwa na iliki hupatikana kila kona, na tangu mwaka 2008 pamekuwa na tamasha la vitabu katika jamii ambayo ushairi wa kughani ndio uliokuwa gazeti na mahakama yake.

Njia ya kwenda Berbera inapita karibu na Laas Geel, ambako majabali yamechorwa ng'ombe wenye shingo zilizopambwa kwa mistari, rangi zikiwa bado mbichi kwa macho. Wenyeji waliyajua siku zote, lakini ulimwengu wa wataalamu uliyajua baada ya timu ya Wafaransa kufika mwaka 2002. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka elfu tano hivi, kwa kulinganisha zaidi kuliko kwa kupima rangi yenyewe. Michoro hiyo haimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa sababu ni nchi mwanachama wa mkataba ndiyo inayoruhusiwa kupendekeza mahali palipo katika ardhi yake. Mwanachama ni Somalia, na anayelilinda lango, akikata tiketi na kuwaonyesha wageni ng'ombe wale, ni Somaliland.