Kwa nini kamera ya harusi hushika ukungu inapotoka kwenye baridi, si inapoingia?

Je, wajua kwamba kamera nzima, isiyo na hitilafu yoyote, inaweza kushindwa kutoa hata picha moja safi pale bibi harusi anaposhuka garini mbele ya kanisa? Kioo cha lenzi hugeuka cheupe kama kilichopakwa maziwa, na kila ukikifuta kinaziba upya. Anayejiandaa kupiga picha za harusi kwa mara ya kwanza hapa Dar es Salaam huhangaikia betri, kadi za kumbukumbu na ratiba ya kamati, na yote hayo ni ya lazima. Suala la ukungu ni nadra kuambiwa, na akiambiwa, mara nyingi huambiwa kinyume.

Kinyume hicho ndicho nilichokiamini mimi. Kabla ya harusi ya kwanza niliyokabidhiwa nilisoma maelekezo ya wapiga picha wa Ulaya, nao walisisitiza kwamba hatari ipo wakati wa kuingia ndani. Nilitii neno kwa neno: kila nilipoingia penye kiyoyozi niliifunga kamera kwa kitambaa, na nilipotoka niliifungua nikiwa na amani kabisa. Siku yenyewe tulikaa muda mrefu kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kamera ikiwa mapajani ikipulizwa na kiyoyozi cha gari, na mlango ulipofunguliwa, maharusi waliingia kanisani huku mimi nikifuta kioo. Picha za mlangoni hazirudiwi, na familia ile haikuzipata.

Waandishi wale hawakukosea. Kwao, wakati wa majira ya baridi, nje kuna theluji na ndani kuna joto, mvuke wa jikoni na pumzi za watu. Kwa hiyo anayeingia ndani ndiye anayetoka kwenye baridi kwenda kwenye joto lenye unyevu. Kwetu safari hiyo hiyo hufanywa na anayetoka nje. Kilichonipotosha ni kushika neno “ndani” badala ya kushika mwelekeo wa joto. Anayevaa miwani mjini hapa angeweza kunifundisha mapema, kwa kuwa miwani yake huziba anapotoka ofisini mchana, wala haizibi anapoingia asubuhi.

Lugha nayo ilinisaidia kukosea. Tunasema chupa ya soda iliyotoka kwenye friji “inatoa jasho”, na mtu akisikia hivyo hudhani maji yametoka ndani ya chupa, kama nilivyodhani kwamba maji yametoka ndani ya kamera. Lakini soda iliyofungwa haipungui hata tone. Maji yale yalikuwa hewani kabla chupa haijafika mezani, yakiwa mvuke usioonekana, na chupa imeyapa tu mahali pa kutua.

Ili kuona jinsi yanavyotua, fikiria daladala. Hewa yenye joto ni daladala kubwa na mvuke ni abiria wake. Hewa hiyo ikipoa, ni kama abiria wale wale wamehamishiwa kwenye bajaji, nao wasiopata nafasi hushushwa pale pale walipo. Katika nyuzi joto 30, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kuwa na zaidi ya takriban gramu 30 za mvuke. Katika nyuzi 20, ukomo ni takriban gramu 17. Siku ya kawaida ya kiangazi, hewa ya pwani yetu yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 imebeba karibu gramu 23. Inapougusa uso wa lenzi yenye nyuzi 20, tabaka jembamba la hewa lililo karibu na kioo hupoa ghafla, na gramu tano au sita za kila mita ya ujazo hukosa nafasi, zikawa matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu hewa haina viti na mvuke ungefanya vivyo hivyo hata bila hewa, ila hesabu haibadiliki. Kwa hali hiyo ya hewa, kitu chochote chenye joto chini ya takriban nyuzi 25 kitashika maji. Kiwango hicho huitwa kiwango cha umande.

Ukumbini mambo ni kinyume. Kamera inayotoka nje ina joto kuliko hewa ya ukumbi, kwa hiyo haishiki kitu. Tena kiyoyozi kimekwisha kuikausha hewa hiyo, na ushahidi ni maji yanayodondoka kwenye bomba lake nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo maandalizi yanaanzia garini: zima kiyoyozi na ufungue madirisha kabla ya kufika, au uiweke kamera kwenye buti, ambako kiyoyozi hakifiki vizuri. Watu hutaja nusu saa ili kamera ipate joto la nje. Ichukuliwe kama makadirio tu, kwani lenzi nzito hupata joto polepole kuliko lenzi ndogo, na upepo wa Coco Beach huharakisha kazi. Ukitoka ukumbini au chumba cha hoteli alikopambwa bibi harusi, ifunge kamera ungali ndani ya baridi, katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, cha aina ile ya kuhifadhia chakula, kisha utoke nacho. Hewa kavu ya chumbani itabaki na kamera, na matone yatatua juu ya chombo. Kitambaa hakifai, kwa sababu huzuia mikwaruzo lakini mvuke hupita. Kuifunga ukiwa umeshatoka ni kuufungia unyevu ndani.

Ikiwa ukungu umeshashika, usivute zumu wala usibadilishe lenzi, kwa maana lenzi nyingi zinazorefuka huvuta hewa ya nje hadi kwenye vioo vya ndani, ambako kitambaa hakifiki. Madai kwamba ukungu wa siku moja huotesha fangasi ndani ya lenzi yanasemwa zaidi kuliko yanavyothibitishwa; lililo wazi ni kwamba fangasi hustawi penye unyevu unaodumu, kwa hiyo kamera yenye majimaji isirudishwe begini.

Mimi sasa hubeba kioo kidogo cha kujitazamia na kukilaza kando ya kamera. Dakika chache kabla ya maharusi kutoka, hukitanguliza nje mkononi: kikififia, ninajua chombo kisifunguliwe bado.