Presha Si Ugonjwa wa Matajiri: Maswali na Majibu kuhusu Uzito wa Kuzaliwa

Swali: Mtoto mwenye uzito pungufu ni yupi?
Ni yule anayezaliwa na chini ya kilo 2.5, kwa sababu amezaliwa kabla ya wakati au hakupata lishe ya kutosha tumboni.

Swali: Uzito huo unahusianaje na presha ya mtu wa miaka 45?
Vichujio vya figo huundwa tumboni, na baada ya wiki chache za maisha haviongezeki tena. Aliyeanza navyo vichache huvitumikisha kupita kiasi, na presha hupanda taratibu. Kongosho nalo huweza kushindwa kutoa insulini (kichocheo kinachoshusha sukari ya damu) ya kutosha, na ugonjwa wa sukari ukaingia, hasa mtu huyo akinenepa ukubwani. Mwaka 1989 daktari mtafiti David Barker na wenzake, wakitumia kumbukumbu za wakunga wa Hertfordshire, Uingereza, walionyesha kwamba wanaume waliozaliwa wadogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo.

Swali: Mimi ni mwembamba na sina pesa. Presha na sukari si magonjwa ya matajiri?
Hapana. Mara kwa mara sisi wahudumu wa afya tunapokea dereva wa boda au muuza mkaa, mwembamba kabisa, mdomo umepinda na mkono mmoja umelegea kwa kiharusi, na ndugu zake wamempitisha kwanza kwa mganga wakidai amerogwa, ilhali mkono huo haujawahi kufungwa kipimo cha presha. Umaskini haukukingi. Mama aliyebeba mimba akiugua malaria, akila posho (ugali) tupu na kuchota maji mbali, huenda alikuzaa mdogo. Nawe ukahamia Kampala ukaanza kuishi kwa chipsi, chumvi na soda.

Swali: Lakini kichwa hakiniumi.
Presha haiumi. Narudia: presha haiumi! Anayesubiri dalili mara nyingi husubiri kiharusi. Kila mtu mzima apimwe, mnene kwa mwembamba. Ukikutwa na 140/90 au zaidi siku mbili tofauti, anza matibabu, wala usiache vidonge kwa kuwa unajisikia vizuri.

Swali: Nile kidogo nikiwa na mimba ili nijifungue kwa urahisi?
Usithubutu. Anza kliniki kabla ya wiki 12, lala ndani ya chandarua, umeze Fansidar, dawa ya kuzuia malaria, unayopewa.

Swali: Mwanangu alizaliwa na kilo 2.1. Nimnenepeshe?
Mnyonyeshe maziwa yako pekee miezi 6 na umpeleke kupimwa uzito. Anatakiwa kukua, si kujazwa soda na biskuti. Tunza kadi yake ya kliniki, na akiwa mtu mzima amwonyeshe mhudumu atakayempima presha.