Blokicheni haiondoi haja ya kuamini

Imezoeleka kusemwa kwamba blokicheni, yaani daftari la kidijitali la miamala linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, haihitaji kumwamini yeyote, ilhali hifadhidata ya taasisi moja hutegemea imani tupu. Dai hilo si sahihi. Katika Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza mwaka 2009, kila kundi la miamala hubeba alama ya kihesabu itokanayo na kundi lililotangulia, hivyo rekodi ya zamani ikibadilishwa hugundulika. Lakini alama hiyo huthibitisha tu kwamba maandishi hayajaguswa, wala si kwamba yalikuwa ya kweli yalipoingizwa, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, wengi hupotoshwa. Aidha, imani haikutoweka, bali ilihamia kwa waandishi wa programu na waendeshaji wa mtandao: mwaka 2016, baada ya fedha za The DAO, mfuko wa uwekezaji uliojengwa juu ya blokicheni ya Ethereum, kuchotwa, wengi katika Ethereum waliafiki mabadiliko ya programu yaliyozirejesha, na waliopinga wakaendelea na blokicheni ya awali, Ethereum Classic. Hifadhidata ya taasisi moja nayo yaweza kuwekwa wazi ikaguliwe, kwani watafiti Haber na Stornetta walikwisha kueleza mbinu ya kuunganisha rekodi kwa alama hizo mwaka 1991, miaka mingi kabla ya Bitcoin.