Candidate: mtu aliyepakwa chaki

Uchaguzi ukikaribia lazima mtu aniulize neno la Kiingereza candidate (mgombea) limetoka wapi, sababu wanajua mimi kazi yangu ni Kilatini, so naandika hapa yaishe.

Mzizi ni candidus, nyeupe, ila sio nyeupe yoyote. Warumi albus waliita nyeupe iliyopoa tu, candidus ni ile ya kung'aa mpaka inaumiza macho. Toga, lile vazi rasmi la Warumi la kujizungushia mwilini, kwa mwananchi wa kawaida ilibaki rangi ya sufu, kama krimu hivi. Sasa jamaa akitaka cheo, tuseme ukonsuli (cheo cha juu kabisa cha kuchaguliwa), toga inaenda kwa dobi, na madobi wa Roma walikuwa wanakanyaga nguo kwa miguu kwenye beseni la mkojo uliovunda (ndio, mkojo, amonia yake ndo ilikuwa sabuni yao), halafu inasuguliwa chaki mpaka imeremete. Hapo mtu ni candidatus, aliyeng'arishwa, ukiwa Forum, uwanja mkuu wa Roma, katikati ya umati unamwona toka mbali. Hata fangasi wa candida wamepewa jina toka mzizi huohuo, kwa ule weupe wao.

Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anasema wagombea waliivaa toga hiyo bila nguo ya ndani, na sababu mojawapo anayotaja eti wasifiche hela za kuhonga! Nyingine ni makovu ya vita yaonekane. Mimi naiamini ya hela. Livy, mwanahistoria wa Roma, naye anasimulia kwamba mwaka 432 KK ilipitishwa sheria ya kukataza kuongeza weupe kwenye nguo kwa ajili ya kuomba kura, ila haikufua dafu, maana mwaka 64 KK Cicero, mwanasiasa na wakili maarufu, akigombea ukonsuli aliwachamba wapinzani wake Catilina na Antonius kwenye hotuba inayojulikana kama In Toga Candida (yaani, ndani ya toga iliyong'arishwa).

Na candidatus hatulii, anazunguka anashika watu mikono, pembeni mtumwa anamnong'oneza majina ajifanye anamjua kila mtu. Huko kuzunguka ndo ambire, ikazaa ambitio, Waingereza wakapata ambition. Ukizunguka na rushwa inaitwa ambitus, hilo ni kosa, na mwaka 63 KK Cicero akiwa konsuli alitunga sheria ya kumpeleka mtu uhamishoni miaka 10 kwa kosa hilo. Mwaka huohuo Murena, aliyekuwa ameshinda uchaguzi wa ukonsuli, akashtakiwa kwa sheria hiyohiyo, na kati ya mawakili wake alikuwepo nani? Cicero mwenyewe. Murena akaachiwa.