Maktaba ya Umma Si ya Wanafunzi Pekee

Imani kwamba maktaba ya umma ni mahali pa wanafunzi na wapenzi wa vitabu pekee imedumu kwa muda mrefu, lakini si sahihi. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, Wamarekani wengi waliopoteza ajira walikwenda maktaba kujisomea na kujifunza stadi mpya. Leo maktaba nyingi huwasaidia wanaotafuta kazi kuandika wasifu, kutuma maombi kwa intaneti na kujiandaa kwa usaili, mara nyingi bila malipo. Mkutubi hagawi ajira, wala si wakala. Kazi yake, ambayo naithamini sana, ni kumwelekeza mtu, hasa asiye na kompyuta nyumbani, kwenye taarifa za kuaminika, kisha kumwachia uamuzi.